Kiti cha Gari Hutengenezwa Kutoka Chini: Maarifa Tuliyoyakuta Mbinga na Ufukoni mwa Ziwa Nyasa

Wanachama wenzangu,

Katika miaka hii ya karibuni wengi katika sisi, Mwenyezi Mungu akijaalia msimu mzuri, hununua gari. Aghalabu ni gari zilizokwisha kutumika Japani, zikaletwa kwa meli, na baadhi yao zina viti vya ngozi. Mnunuzi akifungua mlango hufurahi, maana ngozi yang'aa na harufu yake ni ya kitu cha thamani. Walakini baada ya misimu miwili mitatu ya kwenda Konde na kurudi Mkoani, na kuingia njia za mashamba zenye mizizi na mashimo, kiti kile kile hugeuka kuwa adhabu. Ngozi hukakamaa na kupasuka, pahala pa kukalia huzama, na dereva hushuka garini amejishika kiuno.

Hapo mtu hwenda kwa fundi, akavalisha kiti ngozi mpya au reksini mpya, akatoa fedha nyingi, na maumivu yakabaki vile vile. Wazee walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Raha ya kiti haimo katika ngozi. Imo chini ya ngozi, na kazi ya kuirudisha huanza chini, ikapanda juu. Nyingi ya kazi hiyo mtu aweza kuifanya mwenyewe nyumbani kwa vifaa vichache.

Wenzetu wa Mbinga

Jambo hili tulilikuta limefahamika vizuri mbali na visiwa vyetu, katika mkoa wa Ruvuma, tulipokwenda kuwatazama wakulima wa kahawa wa Mbinga. Wao kama sisi hutegemea zao moja kubwa, huvuna kwa msimu, na fedha yao huja kwa mkupuo. Wao pia hununua gari zilizotumika. Lakini njia zao ni mtihani mkubwa kuliko zetu. Mji wa Mbinga uko katika milima ya Wamatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na uso wa Ziwa Nyasa uko kama mita 475 tu. Kutoka mjini mpaka bandari ya Mbamba Bay ni kama kilomita 66, na katika mwendo huo gari hutoka katika baridi ya milimani ikateremka mpaka joto la ufukoni. Njia kuu hiyo imetiwa lami katika miaka ya karibuni. Kabla yake ilikuwa udongo, utelezi wakati wa mvua na vumbi jekundu wakati wa kiangazi, na njia nyingi za vijijini zingali hivyo hata sasa.

Gari za huko hupakia kahawa, hupakia dagaa wa ziwani, na hupakia wagonjwa, kwa kuwa hospitali ya Litembo iko milimani na hospitali ya Mtakatifu Anna iko Liuli, kando ya ziwa. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali kwa njia ya mawe, amekaa juu ya springi iliyokatika, hawezi kuambiwa kwamba kiti kizuri ni anasa. Nasi hapa hali yetu ni hiyo hiyo: gari ya mwanachama mmoja ndiyo gari ya wagonjwa ya kijiji kizima.

Wamatengo wana kilimo chao mashuhuri kiitwacho ngoro. Hufyeka majani, wakayalaza chini kwa mistari inayokatana kama nyavu, kisha wakachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale. Hupatikana matuta yaliyozunguka mashimo, na mvua ya mlimani haipati nafasi ya kuchukua udongo. Rutuba ya tuta hutoka katika majani yaliyofunikwa. Fundi mmoja mzee, baada ya kumwamkia na kukaribishwa barazani kwake, alitueleza kuwa kiti nacho ni vivyo hivyo, na kwamba kumvika mgonjwa nguo mpya si kumtibu. Kisha akapindua kiti cha gari kilichokuwa mbele yake, akatuonyesha tumbo lake.

Kiti kina tabaka nne

La kwanza ni fremu ya chuma pamoja na springi zake, ambazo katika gari nyingi ni waya mnene uliopindwapindwa kama nyoka. La pili ni gunia au kitambaa kigumu kinachozuia springi zisiikate sponji. La tatu ni sponji yenyewe. La nne ni ngozi. Mtu huliona la nne tu, na ndilo la mwisho kutengenezwa.

Zamani tabaka la tatu halikuwa sponji. Viti vilijazwa nywele za farasi, pamba au usumba. Mwaka 1929 kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilianza kutengeneza sponji kwa utomvu wa mpira uliopigwa mpaka ukafura povu. Mwaka 1937 mtaalamu wa kemia wa Kijerumani, Otto Bayer, aligundua namna ya kutengeneza poliyurethani, ambayo ndiyo asili ya sponji tulizonazo leo katika magodoro na katika gari. Sponji hii ni nzuri, lakini ina adui watatu: joto, unyevu na kukandamizwa muda mrefu. Ikizeeka hugeuka rangi ya manjano, huvunjika vunjika kama mkate mkavu, na unga wake huanguka chini ya kiti. Ukiona unga huo juu ya zulia la gari, jua kwamba ngozi mpya haitakufaa kitu.

Laini si raha

Watu wengi hudhani kiti kikizama hutaka kutiwa kitu laini. Wataalamu waliopima mitikisiko ya gari wameona kuwa mwili wa mtu aliyekaa huathirika zaidi na mitikisiko ya juu na chini iliyo baina ya 4 na 8 kwa kila sekunde. Njia mbovu hutoa mitikisiko ya namna hiyo hasa. Kiti laini kupita kiasi hakiizuii, bali chaweza kuizidisha, na mtu akarushwa kama gunia tupu. Tena sponji laini ya godoro la bei rahisi huzama yote mara mtu akaapo, makalio yakagusa waya. Kiti kizuri hupokea uzito taratibu, na bado hubakiza nafasi chini yake.

Jaribio lake ni jepesi. Weka goti juu ya kiti, ulikandamize kwa uzito wako. Ukihisi chuma, sponji imekwisha au springi imekatika. Ukilitoa goti na alama yake ikabaki kwa muda mrefu, sponji imechoka. Ikirudi mara moja, shida huenda ikawa katika ngozi peke yake, nawe umeokoa fedha.

Tahadhari kabla ya kufungua

Gari nyingi za siku hizi zina mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa kiti, unaofura ghafla gari ikigongwa. Tazama ubavuni kama pana kibandiko au herufi SRS. Ikiwa zipo, usikifungue kiti mwenyewe. Mwite fundi wa umeme wa gari autoe waya wa betri, angoje, kisha azitenganishe plagi zake, na swichi isiwashwe mpaka plagi zote zirudi mahala pake. Wala usishone kitu juu ya mshono wa ubavu huo, wala usiuvalishe kifuniko kinachoubana, kwani ndipo mfuko unapotokea. Jambo hili ni la roho ya mtu.

Ikiwa kiti hakina mfuko huo, kwa kawaida hushikwa na boliti nne, na katika Toyota nyingi hutosha spana namba 14. Siku ya kukirudisha, kaza boliti zote nne barabara, ukisukume mbele na nyuma kuhakikisha kimeshika. Kiti kilicholegea ni hatari kuliko kiti kibovu.

Kazi yenyewe

Kwanza, pindua kiti juu ya jamvi safi, ukitazame kwa taa. Ngozi hushikwa chini kwa pete ndogo za waya. Zifungue kwa koleo moja moja, na ukumbuke kila moja ilikuwa wapi. Ngozi ikiwa ngumu, iache dakika chache mahala pa joto la kadiri ilainike, kwa maana ukiivuta kwa nguvu itachanika kwenye mshono.

Pili, shughulikia springi. Iliyochomoka irudishe katika ndoana yake. Iliyokatika ifungie kipande cha waya mnene usioshika kutu, kikaze pande zote mbili, ncha zake uzipinde chini zisichome. Ikiwa springi zimelegea zote, fanya kama tulivyoona Mbinga: chukua tyubu ya zamani ya gurudumu la gari, uikate vipande virefu vya upana wa vidole vitatu, uvifunge katika fremu kwa kuvipitisha kimoja juu kimoja chini, kama asukavyo mtu mkeka. Vivute vyote kwa mkazo mmoja. Usidhani hili ni jambo la umaskini. Kampuni ya Pirelli ya Italia ilitengeneza mikanda ya mpira kwa ajili ya viti, na watengenezaji wa samani wa Ulaya wakaitumia sana katika miaka ya 1950.

Tatu, weka gunia juu ya springi. Kule hutumia gunia la kahawa, nasi tunayo magunia yetu ya karafuu. Lifue, likauke kabisa, ulikunje mara mbili, kisha ulishonee katika springi kwa shazia na uzi wa nailoni. Ukiliacha bila kulishona litakusanyika pahala pamoja.

Nne, tengeneza sponji. Ikiwa imebonyea kidogo tu, weka kitambaa kibichi juu yake, upitishe pasi ya moto juu ya kitambaa bila kukandamiza, mvuke uingie; mara nyingi huinuka. Ikiwa imevunjika, kata sehemu mbovu peke yake, ukatie kipande kipya cha umbo hilo. Dukani usiulize unene tu, uliza na uzito. Sponji ya kukalia garini yafaa iwe nzito, kilo 40 hivi au zaidi kwa mita moja ya ujazo. Sponji nyepesi yaweza kutumika juu kabisa, tabaka la sentimita moja, ili kulainisha mguso. Gandisha kwa gundi ya viatu: paka pande zote mbili, ngoja mpaka isinate sana kidoleni, kisha ubandike. Fanya kazi hii nje penye hewa, mbali na moto na sigara. Na usizidishe unene. Ukipandisha kiti kupita kimo chake cha asili, kichwa kitakaribia dari na miguu haitaitawala breki sawasawa.

Asiyepata sponji nzuri asidharau usumba. Volkswagen za zamani zilikuwa na matandiko ya viti ya nyuzi zilizotiwa mpira, na huko Brazili katika miaka ya 1990 usumba wa nazi uliochanganywa na utomvu wa mpira ulitumika katika viti vya gari za Mercedes-Benz. Usumba hupitisha hewa, hivyo mgongo hautoki jasho sana. Sharti uwe mkavu, umechambuliwa vizuri, na ushonwe ndani ya gunia kwa mishono ya kupenya juu hadi chini ili usihame. Sufi nayo yafaa kwa mto mdogo wa kichwa au wa kiuno. Chini ya makalio hulala, ikawa kama karatasi.

Zamu ya ngozi

Ndani kukishakaa sawa, sasa itazame ngozi. Jua kwanza kama ni ngozi kweli. Katika gari nyingi zinazoitwa za ngozi, pahala pa kukalia na kuegemea tu ndipo penye ngozi, na ubavuni ni reksini. Tazama upande wa ndani ulipoufungua: ngozi ina nyuzi nyuzi kama sufu, reksini ina kitambaa kilichofumwa. Kisha tone la maji litakwambia jambo la pili. Likibaki juu kama tone juu ya jani la mgomba, ngozi hiyo imepakwa utando wa rangi kiwandani, na mafuta hayataingia. Likinywewa na pahala pale pakawa peusi, ngozi iko wazi au utando umekwisha kutoka, nayo ina kiu.

Ngozi yenye utando haitaki mafuta mengi. Hutaka usafi. Changanya maji ya vuguvugu na sabuni laini ya kuogea mtoto, chovya kitambaa, ukikamue sana, ufute taratibu. Kwenye mikunjo tumia burashi laini. Futa tena kwa maji matupu, kausha kwa kitambaa, na uache kivulini. Jasho na vumbi vikikaa katika mikunjo hufanya kazi ya msasa, na kila ukaapo wausugua utando mpaka uishe.

Ngozi iliyo wazi yafaa kulishwa. Mwenye uwezo anunue krimu ya ngozi ya dukani. Asiyeipata aweza kuyeyusha nta ya nyuki sehemu moja na mafuta ya nyonyo sehemu tatu, chombo kikiwa ndani ya maji ya moto wala si juu ya moto wenyewe. Jaribu kwanza pahala pasipoonekana, maana rangi yaweza kukolea. Paka kidogo sana, uache usiku kucha, asubuhi uisugue kwa kitambaa kikavu mpaka mkono usinate.

Penye mpasuko, pitisha kipande cha kitambaa chembamba kwa ndani, ukigandishe kwa gundi ile ile inayobaki laini. Gundi ya kukausha upesi hugeuka kama kioo, ikapasua ngozi pembeni yake. Mpasuko mdogo usiungoje ukue. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na haya tuyaache kabisa. Petroli, mafuta ya taa na sabuni ya unga huondoa rangi na kukausha ngozi. Mafuta ya nazi na ya kupikia huoza, hunuka, na huita sisimizi. Rangi ya viatu hung'arisha siku moja, kisha huhamia katika kanzu ya mtu siku ya Ijumaa.

Yetu sisi watu wa kisiwani

Ziwa Nyasa ni maji baridi, hivyo watu wa Mbamba Bay na Liuli hawana shida moja tuliyo nayo sisi. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Chumvi hula springi, na unyevu huleta kuvu. Kwa hiyo kiti kikishafunguliwa, sugua kutu kwa msasa na upake springi rangi ya kuzuia kutu, ikauke kabla ya kuweka gunia. Kuvu ikitokea juu ya ngozi, ifute kwa kitambaa kikavu nje ya gari, kisha usafishe kama nilivyoeleza, na uache milango wazi upepo upite.

Baadhi ya wanachama huuliza kama mafuta ya karafuu yafaa. Yana nguvu ya kuua kuvu, kweli, lakini yakimwagwa yenyewe juu ya kiti huharibu rangi na plastiki, na huwasha ngozi ya mtu. Iliyo salama ni karafuu kavu: konzi moja katika mfuko wa kitambaa, uwekwe chini ya kiti, ubadilishwe harufu yake ikifa.

Mwisho ni kulinda. Karafuu hutaka jua, ngozi hulikimbia. Usiegeshe gari kando ya uwanja wa kuanikia kutwa nzima. Itafutie mwembe, au ufunike viti kwa shuka nyeupe. Magunia yasipandishwe juu ya viti, kwani uzito wake huivunja sponji kwa siku moja kuliko mtu kwa mwaka, na ncha za makonyo huchana. Dereva atoe funguo katika mfuko wa nyuma wa suruali.

Kazi yote hii, kwa kiti kimoja, ni ya siku mbili za mtu asiye na haraka. Anza na kiti cha dereva, kwa kuwa ndicho kinachochakaa kwanza, na mgongo wa dereva ndio unaolipia. Kisha tengeneza kile cha nyuma anapokaa mgonjwa. Wanachama wanaokaa jirani wanaweza kununua bamba moja kubwa la sponji nzito wakagawana, kwa kuwa kiti kimoja hakimalizi bamba zima. Atakayekwama na alete kiti chake ofisini siku za kazi, tukitazame pamoja.

Wassalaam.

Katibu wa Chama